Mpako Haujiponyi: Uhakiki wa Istilahi za Mipako ya Mbao

Hivi karibuni ililetwa mezani petu, ili ikaguliwe, tafsiri ya maelezo ya kitaalamu juu ya mipako mipya ya mbao. Maelezo hayo yalikusudiwa makundi mawili ya wasomaji: wanafunzi wa useremala katika vyuo vya ufundi, na maofisa wanaoandaa zabuni za samani na milango ya majengo ya umma. Mfasiri alifanya kazi kwa bidii. Hakuruka sentensi, wala hakukimbia neno gumu. Hata hivyo tafsiri hiyo ilitutia wasiwasi, na wasiwasi huo ndio uliotusukuma kuandika makala haya. Hatumtaji mfasiri kwa jina, kwa kuwa makosa tunayokusudia kuyajadili ni ya wengi. Na lililo kubwa kati yao tulilifanya sisi wenyewe kabla ya kuonyeshwa.

1. Dhana yenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla dhana yake haijaeleweka. Basi hatuna budi kuanza na kitu chenyewe.

Mbao ni kitu kisichotulia. Hufyonza unyevu wa hewa ikavimba, na hewa ikikauka hunywea. Na mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi kwa kukingama nyuzi kuliko kwa kufuata nyuzi. Mpako uliokauka juu yake hulazimika kuufuata mwendo huo, na usipoweza hupasuka. Ufa ukishatokea, hata ule usioonekana kwa macho, maji hupenya. Na baada ya maji huja kuvu na kuoza.

Wataalamu wamejaribu kuutilia mpako, tangu kiwandani, dawa ya ufa utakaotokea baadaye. Hutengeneza chembe ndogo mno zenye ganda gumu, na ndani ya ganda hufungia kimiminika, kwa mfano mafuta yakaukayo kama yale ya kitani, au ya mbegu za mti wa tung wa China. Ganda aghalabu hutokana na melamini au yurea iliyounganishwa na fomaldehaidi. Upana wa chembe moja huweza kuwa maikromita chache au makumi kadhaa ya maikromita, ilhali unywele wa binadamu una maikromita 70 hivi. Chembe hizo huchanganywa katika mpako, na mpako hupakwa juu ya ubao kama kawaida. Ufa ukipita mahali zilipo, maganda hupasuka, mafuta hutoka na kuingia ufani, hukutana na hewa, kisha huganda.

Mtumishi wa serikali aliyewahi kuandika stakabadhi katika kitabu kisichotumia karatasi ya kaboni amekwisha kuitumia mbinu hiyo pasipo kujua. Karatasi za namna hiyo zilianza kuuzwa na kampuni ya National Cash Register ya Marekani katika miaka ya 1950. Upande wa nyuma wa karatasi ya juu hupakwa chembe zenye ganda, na ndani yake mna rangi isiyoonekana. Kalamu ikikandamiza, maganda hupasuka, na rangi hujidhihirisha inapoigusa karatasi ya chini. Mahali palipokwisha kuandikwa, maganda yamekwisha kuvunjika. Tunamwomba msomaji aukumbuke mfano huu, kwani tutaurudia.

Katika uwanja wa vitu vinavyorekebisha nyufa zake, kazi iliyosikika sana ni ile ya Scott White na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2001. Walitia chembe za namna hiyo katika plastiki ngumu pamoja na kichocheo, wakaipasua, wakaiacha. Nayo ikarudisha hadi asilimia 75 ya uwezo wake wa kuhimili kuvunjika. Tangu hapo wazo limeingia katika saruji, vyuma vilivyopakwa rangi, na mbao. Kwa upande wa mipako ya maji ya mbao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Misitu cha Nanjing, China, ni miongoni mwa walioandika kwa wingi.

Mipaka ya mbinu hii nayo lazima itajwe. Kwanza, ganda likishavunjika halijai tena. Ufa wa pili mahali palepale hukuta maganda matupu. Pili, mafuta yaliyomo ni kidogo, hivyo hutosha ufa mwembamba tu. Tatu, mafuta huhitaji muda na hewa ili yagande. Nne, chembe zikizidi, uso wa mpako huwa na vikwaruzo na mng'ao hupungua. Tano, kazi yote hufanyika ndani ya mpako. Ubao ulio chini haupati kitu.

2. Neno "kujiponya"

Tafsiri tuliyoletewa iliziita bidhaa hizi "mipako inayojiponya". Neno hilo lilitupita bila kutushtua. Lina sura ya Kiswahili, linatamkika, linafuata sarufi, na linalingana neno kwa neno na lile linalotumika katika lugha ya asili ya maelezo. Katika orodha yetu ya awali tuliliandika kama lilivyo, tukatia alama ya kuridhia.

Aliyetushtua ni fundi seremala mmoja wa Dar es Salaam, ambaye tulimpelekea rasimu aisome karakanani pake. Alisoma polepole, akarudia, kisha akauliza: "Mwalimu, mpako ukipona, na ubao nao unapona?" Tukamjibu kwamba ubao haupati kitu. Akauliza tena: "Na ukiumia tena palepale?" Tukamweleza habari ya maganda matupu. Akatabasamu akasema, "Basi huko si kupona. Hiyo ni kuzibwa ufa mara moja."

Tulirudi ofisini tukiwa na haya kidogo. Maswali yake mawili yalikuwa yametoka ndani ya neno lenyewe, wala si ndani ya kemia. Kwa Kiswahili jeraha hupona, mgonjwa hupona, na mganga huponya. Asemaye "kujiponya" humfanya mgonjwa kuwa pia mganga, na kumpa uhai na nia. Aidha, kupona kuna ukamilifu. Tukienda kumjulia hali mgonjwa tunaambiwa "anaendelea vizuri" au "amepata nafuu". Neno "amepona" huwekwa akiba mpaka siku atakapokuwa mzima kabisa. Mpako uliorudisha sehemu ya uwezo wake, kwa mara moja, katika ufa mwembamba, umepata nafuu tu.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Tunamjibu kwa mfano uliomo katika tafsiri ileile. Matini ya asili ilisema kwamba mpako wa namna hii huweza kupunguza kasi ya uharibifu. Mfasiri aliandika kwamba mbao iliyopakwa mpako unaojiponya "haihitaji matunzo ya mara kwa mara". Hatuamini kwamba alikusudia kupotosha. Alivutwa na neno lake mwenyewe: kitu kijiponyacho hakina haja ya tabibu. Istilahi ilikuwa imemaliza kufikiri kabla yake.

Sasa na tulifuate neno hilo mpaka linakokwenda. Ofisa wa ununuzi anayesoma sentensi hiyo atakapoandaa makadirio ya milango na madawati ya shule, ana haki ya kulifuta fungu la kupaka upya. Miaka michache baadaye rangi hubanduka, mvua huingia, ubao huoza, na anayelaumiwa ni fundi aliyepaka. Tena mpako huharibika kwa njia nyingi zisizokuwa nyufa: hubanduka ubao ulipokuwa na unyevu wakati wa kupakwa, huchujuka kwa jua, hukwaruzika, huchakaa kwa kushikwashikwa. Chembe zenye mafuta hazikutengenezwa kwa ajili ya maovu hayo yote. Neno "kujiponya" huyakusanya yote pamoja na kuyaahidia tiba. Neno "kuziba ufa" hutaja uovu mmoja na dawa yake moja, na kunyamaza juu ya mengine.

Neno hilo la pili, kwa kweli, hatukulitunga sisi wala fundi. Kila mtoto wa shule amelisikia katika methali: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lugha imekwisha kuviweka pamoja kitendo na kitendwa, ikaongeza na onyo juu ya uvivu wa matunzo. Ni ajabu kwamba tukiwa na methali hiyo midomoni tulikwenda kuazima lugha ya hospitali.

3. Mikopo iliyojificha

Kosa la "kujiponya" lina ndugu zake katika tafsiri hiyo, na wote ni wa ukoo mmoja. Tunawaita mikopo iliyojificha: maneno yenye sauti za Kiswahili na fikra ya lugha nyingine.

Wa kwanza ni "mpako wenye msingi wa maji". Msingi kwa Kiswahili ni kile kinachobaki chini na kubeba. Nyumba ikisimama, msingi upo. Katika mipako hii mambo ni kinyume. Maji ni chombo cha kusafirishia tu. Mpako ukishapakwa, maji huondoka kwa kuvukizwa na mengine kufyonzwa na ubao, na chembe za polima zilizokuwa zikielea hukaribiana, hushikana, na kuwa utando mmoja. Kinachobaki na kubeba ndicho kisichotajwa katika jina. Mafundi wetu, kwa upande wao, wana jina la siku nyingi: husema rangi ya maji na rangi ya mafuta, na kila muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi huwaelewa. Rangi ya maji huzimuliwa na brashi huoshwa kwa maji. Rangi ya mafuta hutaka tapentaini au thina. Jina la fundi limejengwa juu ya kazi, nalo ni sahihi kuliko la mfasiri. Tunapendekeza basi "mpako wa maji", na palipo na haja "vanishi ya maji" au "rangi ya maji ya mbao", ili isichanganywe na ile ya kuta.

Wa pili ni "ukuta" wa chembe, na wa tatu ni "msingi" wake, maneno yaliyotumika kutaja sehemu ya nje na sehemu ya ndani. Ukuta husimama upande mmoja wa kitu. Hauzungushi kitu pande zote, juu na chini. Na neno "msingi", ambalo katika ukurasa uleule lilitumika kwa maji, hapa limetumika kwa mafuta. Mwanafunzi atakayesoma kwamba "msingi hutoka ufa unapotokea" atadhani kwamba ni maji yanayotoka. Lakini hata mtoto mdogo anajua yai lina ganda na kiini. Ganda hufunika pande zote, ni gumu, na huvunjika mara moja tu; kiini hukaa ndani kikisubiri. Maneno yote mawili yapo, na uhusiano wao umekwisha kueleweka. Tunapendekeza "ganda" na "kiini", na kipimo cha uwiano wao kiitwe "uwiano wa kiini kwa ganda".

Isidhaniwe kwamba lugha yetu ni maskini katika uwanja wa mipako, hata ilazimike kuomba kila kitu. Mabaharia wa pwani walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na wakaviziba kwa kalafati na deheni. Sandarusi, ule utomvu mgumu wa msandarusi, ilichimbwa ardhini katika mwambao huu, ikasafirishwa kupitia Unguja katika karne ya 19 mpaka Salem, Marekani, na kwingineko, ili kutengenezea vanishi. Hatusemi kwamba "deheni" iwe istilahi ya mipako ya leo, kwa kuwa dhana ni tofauti, na kulivuta neno la kale juu ya kitu kipya ni njia nyingine ya kupotosha. Tunasema tu kwamba vitendo vya kupaka, kuziba, kukauka na kubanduka vina majina ya Kiswahili yaliyokomaa, na mfasiri aanzie huko.

4. Mkopo wa wazi

Kwa haki, tafsiri hiyo ina jambo moja tunalolisifu, nalo ndilo ambalo huenda wengi wangelilaumu. Chembe zile mfasiri aliziita "maikrokapsuli". Baadhi ya wenzetu walipendekeza "vidonge vidogo" au "vifuko". Tumeyapima mapendekezo hayo, na hatukuyaona kuwa yanafaa.

Kidonge ni kitu kilichojaa: ukikikata katikati, ndani ni sawa na nje. Hapa jambo lililo muhimu ni utofauti wa ndani na nje. Kifuko nacho ni laini, kina mdomo, na hufunguliwa kikafungwa tena. Sifa zote tatu hazipo katika chembe hizi. Neno "kapsuli" limekwisha kuingia kwa njia ya hospitali, na wagonjwa hufahamu kwamba ni ganda lenye dawa ndani. Kiambishi "maikro" nacho kina kazi yake. Si pambo la kueleza udogo tu, ambao tungeweza kuueleza kwa "vikapsuli". Hutaja daraja la kipimo, sehemu ya milioni, na humwezesha mwalimu wa kemia kutofautisha kapsuli hizi na nanokapsuli, ambazo daraja lake ni dogo mara elfu.

Hapa ndipo tunapoiona kanuni ambayo makala haya yanaitetea. Mkopo wa wazi una unyofu wake. Msomaji akikutana na "maikrokapsuli" anajua kwamba amekutana na mgeni. Atauliza, atatafuta maana, atafundishwa. Mkopo uliojificha haumpi nafasi hiyo. Akikutana na "kujiponya" anadhani anafahamu, kwa sababu amezaliwa akilisikia neno "pona", na anaendelea mbele akiwa na maana isiyokuwapo. Kwa muda mrefu wakuzaji wa istilahi tumekuwa wakali kwa neno la kigeni lililovaa nguo zake, tukawa wapole kwa fikra ya kigeni iliyovaa nguo zetu. Tunadhani ukali huo ulipelekwa pasipo mahali pake.

5. Pingamizi na majibu

Tumekwisha kupokea pingamizi mbili ofisini. Ya kwanza ni kwamba "kujiziba" kuna kasoro yake. Bomba likijaa uchafu husemwa limeziba. Kwa hiyo "mpako unaojiziba" huenda ukafahamika kuwa mpako uliokwama koponi. Pingamizi hii ni ya kweli, na tunaikubali. Ndiyo sababu istilahi tunayoipendekeza haikomei kwenye kitenzi: ni "mpako unaojiziba nyufa". Muundo huo si mgeni, kwani husemwa vilevile mtu amejiosha mikono au amejikata kucha. Neno "nyufa" lisiachwe, hata katika vichwa vya habari.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wanasayansi wana familia nzima ya vitu vya namna hii, na si vyote vinavyoziba. Ziko polima ambazo viungo vyake vya kemia huachana na kushikana tena, hasa vikipashwa moto, bila kumiminiwa kitu chochote. Na iko zege ambayo bakteria waliomo huunda chokaa ndani ya ufa. Je, tutakuwa na jina gani la familia yote? Tunakiri kwamba "kujiziba nyufa" ni jina la tawi moja. Kwa shina tunapendekeza "kujikarabati", neno ambalo kila mtumishi wa umma analijua kutokana na majengo, na ambalo halidai ukamilifu: jengo lililokarabatiwa si jipya, na linaweza kukarabatiwa tena. Kwa tawi la polima zinazoshikana tena lifae "kujiunga upya". Neno "kujiponya" tuliachie mwili wenye uhai.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

Mpako: jina la jumla la rangi, vanishi na kitu chochote kipakwacho juu ya ubao kikakauka kuwa utando.
Mpako wa maji: mpako ambao chembe za polima huelea katika maji kabla ya kukauka.
Maikrokapsuli: chembe yenye ganda na kiini, ambayo upana wake hupimwa kwa maikromita.
Ganda: sehemu ya nje ya maikrokapsuli.
Kiini: kitu kilichofungiwa ndani ya ganda.
Kujikarabati: tabia ya kitu kurekebisha, kwa kiasi fulani, uharibifu wake bila fundi.
Kujiziba nyufa: kujikarabati kwa kitu kilichomo ndani kinachojaza ufa na kuganda.
Kujiunga upya: kujikarabati kwa viungo vya kemia kushikana tena.

Tuliirudisha tafsiri kwa mfasiri pamoja na orodha hiyo. Alikubali kuifuta sentensi ya matunzo, na mahali pake akaandika: "Mpako huu hujiziba nyufa nyembamba mara moja, ukaguzi na kupaka upya vifanywe kama kawaida." Tulimwomba aongeze maagizo mawili ambayo fundi aliyataka baada ya kuelewa maana ya ganda: mpako ukorogwe taratibu, na msasa usipigwe kwa nguvu baina ya mkono wa kwanza na wa pili, maana maganda yatapasuka kabla ya ufa kutokea. Maagizo hayo hayangeweza kutokana na neno "kujiponya". Yametokana na neno "ganda".

Walimu, wafasiri na maofisa wenye mapendekezo tofauti, hasa wale wanaofanya kazi karibu na mafundi, wanakaribishwa kutuletea kabla orodha hii haijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji.